Je, Aliyepigwa Aende Kwanza kwa Aliyempiga?



Katika semina moja ya viongozi wa walei iliyohusu utume wa magerezani, mshiriki mmoja alisimama akatuuliza swali ambalo hatukulijibu vema siku ile. Tulikuwa tukieleza namna wanakamati wa Haki na Amani wanavyoweza kumsaidia mfungwa asiyejua kuandika ili malalamiko yake yawekwe katika karatasi. Ndugu huyo, mtu msomi na mwenye nia njema, alisema kwamba kwa kufanya hivyo tunawafundisha wafungwa ukorofi. Hata Marekani, akasema, nchi inayojisifu kwa haki za raia, sheria inamzuia mfungwa kwenda mahakamani kabla hajamaliza ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza lake. Kisha akaifungua Injili ya Mathayo, sura ya 18, akatukumbusha kwamba Bwana wetu mwenyewe aliagiza anayekosewa aanze kwa kumwendea mkosaji, wao wawili peke yao. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike kurasa hizi. Ndugu yetu alisema kweli kuhusu sheria ya Marekani: ipo, na inafanya kazi hata leo. Lakini kuwapo kwa sheria si ushahidi wa uadilifu wake. Sisi tunasema kwamba sheria hiyo ni dhuluma iliyovikwa vazi la utaratibu mwema, na kwamba yeyote anayeileta kwetu kama mfano wa kuigwa, tena akiitegemeza kwa Maandiko Matakatifu, hana budi kwanza aelezwe jinsi ilivyozaliwa na jinsi inavyowatenda watu.

Mlango uliofunguliwa kwa shida

Mwaka 1871, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kumwezesha raia kumshtaki katika mahakama ya shirikisho afisa wa jimbo anayemnyang'anya haki zake za kikatiba. Walengwa hasa walikuwa watu weusi waliokuwa wakiteswa huku wakuu wa majimbo wakitazama pembeni. Mwaka huohuo mahakama moja ya jimbo la Virginia ilitamka kwamba mfungwa, kwa muda wa kifungo chake, ni mtumwa wa dola. Kwa hiyo mlango wa haki ulifunguliwa kwa raia, lakini ukabaki umefungwa kwa mfungwa, na hali hiyo ikadumu karibu miaka mia.

Ni mwaka 1964 tu, katika kesi ya Cooper dhidi ya Pate, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mfungwa naye aweza kuitumia sheria ile ya 1871. Mlalamikaji alikuwa mfungwa Mwislamu katika jimbo la Illinois aliyenyimwa maandiko ya dini yake. Yafaa Wakristo tulikumbuke jambo hilo: ufa wa kwanza katika ukuta huo ulipasuliwa na mtu aliyedai kusali kwa imani yake.

Yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Mwaka 1972 mfungwa mmoja wa Texas aliandika kwa mkono wake shauri kuhusu hali ya magereza ya jimbo hilo. Shauri hilo likakua hata likawa la wafungwa wote wa Texas, na mwaka 1980 hakimu wa shirikisho akaamua kwamba mfumo mzima ulikuwa ukivunja Katiba. Miongoni mwa maovu yaliyofichuliwa ni desturi ya kuwapa wafungwa fulani unyapara juu ya wenzao, wakawapiga na kuwanyang'anya huku askari wakiwaachia kazi. Wale miongoni mwetu wanaoyajua magereza ya nchi zetu hawahitaji kuelezwa nyapara ni mtu wa namna gani. Na mwaka 1976, katika kesi nyingine iliyotoka Texas hiyohiyo, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumpuuza kwa makusudi mfungwa mwenye ugonjwa mkubwa ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na Katiba.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililoletwa na huruma ya wakubwa wa magereza. Yaliletwa na karatasi zilizovuka ukuta.

Utaratibu uliokuwa na masharti ya haki

Tusije tukadhaniwa kwamba tunapinga kila utaratibu wa malalamiko ya ndani. La hasha. Sisi wenyewe tumemwona mkuu wa gereza akimaliza kwa asubuhi moja jambo ambalo mahakamani lingechukua miaka: mgonjwa akapelekwa hospitali, na askari aliyekuwa akizuia chakula kilicholetwa na ndugu akahamishiwa zamu nyingine. Kumpa mwenye nyumba nafasi ya kusafisha nyumba yake kabla ya kumwita mgeni ni busara, na mafundisho ya jamii ya Kanisa letu yanasema vivyo hivyo: ngazi ya juu isipore kazi ambayo ngazi ya chini yaweza kuitenda vema.

Lakini neno zito hapo ni hilo "vema". Bunge la Marekani lililitambua mwaka 1980 lilipotunga sheria ya haki za watu waliofungiwa katika taasisi za dola. Sheria ile iliruhusu hakimu asimamishe kesi ya mfungwa kwa siku 90 ili kwanza ajaribu njia za ndani. Ila iliweka masharti. Utaratibu wa gereza ulipaswa kuwa umethibitishwa kwamba umefikia kiwango. Wafungwa na watumishi wawe na sauti ya ushauri katika kuutunga. Kila ngazi ijibu kwa maandishi, ikitoa sababu, katika muda uliowekwa. Mambo ya dharura yatangulizwe, na mlalamikaji alindwe dhidi ya kisasi. Na mwishowe lalamiko liweze kutazamwa na mtu au chombo kisichokuwa chini ya amri ya gereza lenyewe. Mwaka 1994 siku 90 ziliongezwa zikawa 180, lakini masharti yakabaki.

Kama sheria ingeishia hapo, tusingeandika kurasa hizi. Mfungwa alitakiwa asubiri, kweli, lakini alisubiri mbele ya mlango uliokaguliwa.

Siagi ya karanga

Katika miaka ya 1990 idadi ya wafungwa wa Marekani ilipanda sana, na kesi zao zikapanda pamoja nao. Mwaka 1995 mashauri yao ya haki za raia katika mahakama za shirikisho yalikaribia 40,000. Ni kweli kwamba mengi yalikuwa dhaifu, yameandikwa na watu wasio na wakili, wasiojua sheria, na baadhi wakiwa wamepungukiwa na akili. Hatutaki kuficha hilo.

Lakini badala ya kuwatafutia mawakili, wanasheria wakuu wa majimbo waliwatafutia kicheko. Walisambaza orodha za kesi za kipuuzi, na iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mfungwa aliyeishtaki serikali, eti kwa sababu alipewa siagi ya karanga laini wakati yeye alitaka ile yenye chembechembe. Nchi nzima ikacheka. Wabunge wakaisimulia. Ndipo hakimu mmoja wa mahakama ya rufaa ya shirikisho, Jon Newman, alipoamua kulifungua jalada lenyewe, na mwaka 1996 akaeleza aliyoyakuta. Mfungwa yule alikuwa ameagiza siagi katika duka la gereza kwa fedha yake mwenyewe. Akaletewa isiyo yenyewe, akairudisha. Kabla hajapewa nyingine akahamishiwa gereza jingine, na fedha yake ikakatwa bila kupata kitu. Alidai haki yake ya dola mbili na nusu. Hilo halikuwa jambo la kuisimamisha dunia, twakubali. Lakini mnunuzi yeyote wa Kariakoo angedai vivyo hivyo, wala hakuna ambaye angemwita mpuuzi.

Jalada lilipofunguliwa, sheria ilikuwa mbioni. Tarehe 26 Aprili 1996 Rais Bill Clinton alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Mashauri ya Wafungwa. Haikuja kama sheria iliyosimama peke yake ili wananchi waipime. Iliwekwa ndani ya sheria kubwa ya matumizi ya fedha za serikali. Kifungu kimoja kinatamka kwamba mfungwa hawezi kufungua shauri lolote la shirikisho kuhusu hali ya gereza mpaka azimalize kwanza njia za malalamiko zilizopo. Na yale masharti ya mwaka 1980? Yalifutwa: uthibitisho wa kiwango, sauti ya wafungwa, majibu yenye sababu, ulinzi dhidi ya kisasi, jicho la mtu wa nje, yote. Sheria ikaendelea kusema kwamba jimbo lisilokuwa na utaratibu wowote wa malalamiko, au lenye utaratibu lisiloufuata, haliwezi kushtakiwa na Mwanasheria Mkuu wa shirikisho kwa sababu hiyo.

Tuitafakari hali hiyo. Mfungwa amewekewa wajibu mzito wa kuufuata utaratibu, na gereza halikuwekewa wajibu wa kuwa na utaratibu mwema. Anayeandika kanuni za lalamiko, anayepanga idadi ya ngazi, anayeweka siku za mwisho, anayegawa fomu, anayepokea fomu na anayetoa jibu, wote ni wa upande wa mdaiwa. Je, ni timu gani itakayofungwa katika mchezo ambao yenyewe inachora mistari ya uwanja na kupuliza filimbi?

Siku kumi na tano na kanisa la gereza

Tuangalie sasa jinsi kifungu hicho kilivyofanya kazi.

Mfungwa mmoja wa Pennsylvania alidai kwamba askari walimkaza na kuzizungusha pingu hata zikamjeruhi vifundo vya mikono, wakamrushia usoni dawa ya kusafishia, kisha wakamnyima matibabu. Alitaka fidia ya fedha. Utaratibu wa gereza lake haukuweza kutoa fidia hata senti moja. Mwaka 2001, katika kesi ya Booth dhidi ya Churner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata hivyo ilimpasa apande ngazi zote, ingawa juu ya ngazi hakukuwa na kile alichokuwa akikitafuta. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Porter dhidi ya Nussle, ikasema kwamba hata aliyepigwa na askari mara moja tu amefungwa na kanuni hiyohiyo, kana kwamba kipigo nacho ni sehemu ya "hali ya gereza", pamoja na uji na mablanketi.

Kesi inayotugusa zaidi sisi ni ya mwaka 2006, Woodford dhidi ya Ngo. Mfungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la San Quentin, California, aliadhibiwa kwa kutengwa kwa sababu ya jambo lililosemekana kutendeka katika kanisa dogo la gereza. Aliporudishwa kwa wenzake akakatazwa programu fulani, zikiwamo shughuli za kidini. Miezi sita ikapita akiwa katika katazo hilo, ndipo akaandika lalamiko. Gereza likalikataa: umechelewa, kanuni zinataka siku 15 za kazi. Mahakimu sita dhidi ya watatu waliamua kwamba kuzimaliza njia za ndani maana yake ni kuzimaliza sawasawa, kwa kufuata kila tarehe na kila kanuni ya gereza. Aliyepitwa na tarehe amepitwa na mahakama pia.

Hakimu Stevens, mmoja wa wale watatu waliopinga, alionyesha kwamba muda unaotolewa na magereza kwa kawaida hauzidi siku 15, na kwamba katika majimbo tisa ulikuwa kati ya siku mbili na tano. Raia aliye huru akipigwa na polisi ana miaka ya kujipanga kabla ya kufungua kesi ya namna hiyohiyo, kwa kawaida miwili au mitatu. Mfungwa aliyevunjwa taya ana siku chache, na huenda akazimaliza akiwa kitandani hospitalini, mahali ambapo hakuna fomu. Mwanamke aliyenajisiwa na askari katika seli alitakiwa ndani ya siku hizo aandike kwa mkono wake mambo ambayo hata kwa mama yake hakuweza kuyatamka, kisha aikabidhi karatasi kwa mwenzake yule askari. Kanuni za Michigan ziliagiza kwamba kabla ya kuandika, mfungwa ajaribu kwanza kuyamaliza na mtumishi anayehusika. Huyo ndiye yule aliyetajwa katika kichwa cha makala yetu.

Na hayo si yote yaliyomo katika sheria ile. Mfungwa fukara lazima alipe ada yote ya mahakama, dola 350 kwa sasa, ikikatwa kidogo kidogo katika akiba yake, ingawa katika baadhi ya majimbo kama Texas na Georgia kazi nyingi za wafungwa hazina malipo hata kidogo. Kwa kawaida hawezi kudai fidia ya maumivu ya moyo pasipo jeraha la mwili. Malipo ya wakili wake yamewekewa kikomo, kwa hiyo mawakili wanakimbia. Lakini kikwazo cha ngazi za ndani ndicho kikubwa kwetu, kwa sababu ndicho kinachoonekana kuwa cha busara. Miaka michache baada ya 1996 mashauri ya wafungwa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya theluthi moja, wakati wafungwa wenyewe wanazidi kuongezeka. Waliotunga sheria waliyaita hayo mafanikio. Sisi tungependa kuuliza kama ni vipigo vilivyopungua, ama ni karatasi tu.

Viraka

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Mahakama ya Juu imejaribu kutia viraka. Mwaka 2007 iliamua kwamba si kazi ya mfungwa kuthibitisha tangu mwanzo kuwa alimaliza ngazi. Ni juu ya gereza kuonyesha kwamba hakuzimaliza.

Mwaka 2016 ikaja kesi ya Ross dhidi ya Blake. Mfungwa wa Maryland alipigwa usoni na askari aliyekuwa ameshika funguo mkononi, mwenzake akiwapo. Aliripoti kwa afisa wa juu. Kitengo cha uchunguzi cha idara ya magereza kikachunguza kwa mwaka mzima, kikaona kwamba askari ametenda vibaya, naye akaacha kazi. Baadaye juri, yaani baraza la raia wa kawaida, likamhukumu kulipa dola 50,000. Lakini yule askari wa pili akajitetea kwamba mfungwa hakujaza fomu iliyotakiwa! Gereza lilijua, lilichunguza, lilikiri, bado fomu. Mahakama ilikataa kuwaachia mahakimu wahurumie kwa sababu maalum, lakini ikakumbusha kwamba sheria inadai njia "zilizopo", na kwamba njia haipo pale inapokuwa kichochoro kisicho na mwisho, pale kanuni zinapokuwa za giza kiasi kwamba mtu wa kawaida hawezi kuzielewa, na pale watumishi wanapomzuia mfungwa kwa hila, uongo au vitisho.

Na mwaka 2025, katika kesi ya Perttu dhidi ya Richards iliyotoka Michigan, mfungwa alidai kwamba afisa aliyekuwa akimsumbua kwa mambo ya aibu ndiye aliyeziharibu fomu zake za malalamiko na kumtisha. Kisha afisa huyohuyo akajitetea kwamba malalamiko hayakupelekwa. Mahakimu watano dhidi ya wanne wakasema kwamba ubishi wa namna hiyo, unapoungana na kiini cha kesi, uamuliwe na juri na si na hakimu peke yake. Tunashukuru. Lakini ilichukua miaka 29 tangu sheria itungwe kulipata jibu hilo, na wanne kati ya tisa hawakulikubali.

Mathayo 18 na rufani ya Paulo

Turudi kwa ndugu yetu wa semina na Injili yake mkononi. Sura ya 18 ya Mathayo yahusu ndugu na ndugu, watu wanaoweza kukaa mkeka mmoja na kutazamana usoni. Lengo la kuendeana wawili wawili ni kumpata tena ndugu aliyepotea. Hakuna mmoja aliyeshika funguo za mwenzake. Tena sura hiyo haisemi kwamba aliyekosewa akichelewa siku 15 basi amepoteza dai lake. Wale watu mmoja au wawili wanaochukuliwa katika hatua ya pili hawateuliwi na mkosaji, na hatua ya tatu ni kusanyiko zima, si ofisi ya mkosaji ya ghorofa ya juu. Mtu akitaka kuitumia sura hiyo magerezani, basi ailete nzima. Atajikuta amerudi kwenye masharti ya mwaka 1980.

Isitoshe, Maandiko yanaye mfungwa aliyewahi kuambiwa aanze ngazi ya chini. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 25, liwali Festo anamuuliza Paulo kama yuko radhi kupanda Yerusalemu akahukumiwe huko. Kwa maneno yalikuwa pendekezo la busara: jambo la kwenu limalizwe kwenu. Lakini msomaji ameshaambiwa kwamba njiani walikuwapo watu waliopanga kumwua. Paulo anakataa, anakata rufani kwa Kaisari. Na kule Filipi, sura ya 16, baada ya kupigwa viboko hadharani bila kuhukumiwa, wakubwa wa mji wanataka aondoke kimyakimya. Yeye anadai waje wenyewe wamtoe. Hatujasikia padre yeyote akimhubiri Mtume Paulo kuwa mkorofi.

Maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa tamko lao juu ya uhalifu na adhabu mwaka 2000, wakasisitiza kwamba heshima ya ubinadamu haiondoki kwa aliyetenda uhalifu, kama isivyoondoka kwa aliyetendewa. Twasema hivyo pia kwa ajili ya waamini wetu waliowahi kuvamiwa na majambazi, na ambao wakituona tukienda gerezani hutuuliza kama tumesahau machozi yao. Hatujasahau. Mahakama iliyompa jambazi miaka thelathini haikumpa pia kipigo cha kila wiki. Kipigo hicho kimeongezwa na mtu asiye hakimu.

Yanatuhusu nini?

Kwetu nako fikra hii si ngeni. Kulikuwa na sheria nchini Tanzania iliyomtaka mwananchi apate kwanza kibali cha serikali kabla ya kuishtaki serikali. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani iliitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Baadaye mahali pa kibali pakawekwa notisi ya siku 90. Tofauti ni kubwa. Notisi inamwambia mdaiwa ajiandae, wakati kibali kinamfanya mdaiwa kuwa bawabu wa mahakama.

Hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ibara ya 56, unamtaka mlalamikaji azimalize njia za nchini mwake kabla ya kwenda kwenye vyombo vya Afrika. Lakini wenye kuuandika waliongeza papo hapo kwamba hailazimu pale ambapo ni dhahiri njia hizo zinacheleweshwa kupita kiasi. Tume ya Afrika ikaongeza mwaka 2000, katika shauri la Jawara dhidi ya Gambia, kwamba njia hizo ziwe zinapatikana, zinafaa na zinatosheleza. Wafungwa wengi wa Tanzania waliandika kwa Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Mmoja wao, Alex Thomas, aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi, aliambiwa na serikali kwamba hakumaliza njia zote, kwa kuwa hakufungua shauri la kikatiba wala kukamilisha mapitio ya hukumu. Mwaka 2015 Mahakama ile ilijibu kwamba hizo ni njia zisizo za kawaida. Aliyekwisha kufika Mahakama ya Rufani amefika. Hayo ndiyo matumizi ya kanuni hii yenye utu.

Lakini Novemba 2019 serikali yetu iliwasilisha barua ya kuliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda Arusha moja kwa moja, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango ule ukafungwa kwa maombi mapya. Hapo ndipo swali la semina linapokuwa zito. Pale njia ya nje inapozibwa, wanaosema "aanzie ndani" wana wajibu wa kutuonyesha huko ndani kuna nani, anajibu kwa siku ngapi, na nani anamlinda aliyeandika asubuhi ili asipigwe jioni.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati wanaotembelea magereza wasiache kuwasaidia wafungwa kuandika. Tena waongeze jambo moja. Kila lalamiko linalotolewa, liwe la mdomo au la maandishi, liandikwe katika daftari la kamati: tarehe, limetolewa kwa nani kwa cheo chake, limejibiwa lini, na kama halikujibiwa, siku ngapi zimepita. Jina la mfungwa lisiandikwe humo bila ridhaa yake. Yule mfungwa wa Maryland alikaribia kupoteza dai lake kwa ajili ya fomu moja, na yule wa California alilipoteza kwa ajili ya tarehe. Siku mfungwa wetu atakapoambiwa mbele ya hakimu kwamba hakuanzia ndani, daftari liwepo, na mwanakamati aliyeliandika awe tayari kusimama kizimbani kulisoma.